Mzee Mwenye Dola Huitwa Mwekezaji, Asiye Nazo Huitwa Mzigo

Mwaka huu mwalimu aliyenifundisha kusoma na kuandika amestaafu utumishi wa umma. Ametimiza miaka 60, na kati ya hiyo 36 ameitumia mbele ya ubao, katika shule nne za wilaya mbili. Nilipokwenda kumwamkia nilimkuta barazani, simu mapajani. Watoto wake watatu wako ng'ambo: mmoja Texas, mmoja Leeds, mmoja Toronto. Kila mmoja amemwandikia akimtaka aende akakae naye. "Mwanangu," aliniambia, "wewe umesoma Chuo Kikuu na unaandika magazetini. Hebu niambie, nikazeekee nchi ipi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Namjibu leo, tena hadharani, kwa sababu swali lile si lake peke yake. Linaulizwa katika vyumba vya walimu wakati wa mapumziko, na katika ofisi za Serikali pindi barua ya kustaafu inapokaribia. Aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu. Si aibu hata kidogo. Lakini ni swali lenye mtego ndani yake, na mtego huo hapana budi utajwe waziwazi.

Mtego wenyewe ni neno "kuchagua". Katika nchi tajiri siku hizi kuna biashara kubwa ya kuwaelekeza wazee nchi za kustaafia. Kila mwaka hutolewa orodha: nchi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hupimwa jua, bei ya nyumba, bei ya mboga na ujira wa mtumishi wa nyumbani. Msomaji wa Kiafrika akiziona orodha hizo hudhani kwamba dunia ni soko moja, na kwamba mzee yeyote mwenye kikapu chake anaweza kuingia akachagua. La hasha! Dunia ina wazee wa kuchagua nchi, na ina wazee wanaochaguliwa na nchi, au kukataliwa. Kinachowatenganisha si umri, si tabia njema, wala si miaka waliyoitumikia jamii. Ni fedha, na pasi ya kusafiria.

MLANGO WA MBELE

Tuanze na mzee mwenye fedha. Panama, tangu mwaka 1987, ina kibali maalumu kwa wastaafu wa kigeni. Sharti lake kubwa ni pensheni isiyopungua dola za Marekani 1,000 kwa mwezi. Thailand humpokea mgeni aliyetimiza miaka 50 akionyesha baht 800,000 benki, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Hapa jirani, Kenya ina kibali cha daraja K: mgeni awe amevuka miaka 35, asifanye kazi nchini, na awe na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka. Nasi hatuko mbali. Kule Zanzibar, mgeni anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa anaweza kupata kibali cha ukaazi, yeye na familia yake.

Mzee huyu akitua uwanja wa ndege hapewi jina la mzee. Huitwa mwekezaji. Hakuna amwulizaye atamlemea nani akiugua, wala kama anajua lugha ya wenyeji. Malindi, kwa mfano, Waitaliano wamekuwapo tangu kituo chao cha kurushia roketi kilipoanza kazi karibu na mji huo katika miaka ya 1960. Wengi wao waliishi vizuri na jirani zao, na watoto wa mjini wakajifunza Kiitaliano barabarani. Lakini msomaji na atazame nani aliyejifunza lugha ya nani.

MLANGO WA NYUMA

Sasa tumfuate mwalimu wangu na barua zake tatu.

Tuanze na Leeds. Uingereza ilibadili kanuni zake mwezi Julai 1912? Hapana, msomaji; ukali wake ungekufanya udhani ni za zama hizo, lakini ni za Julai 2012, juzi tu. Kanuni hizo zinasema kwamba mzazi anayetaka kuhamia kwa mwanawe ni lazima awe anahitaji kutunzwa kwa muda mrefu katika mambo ya kila siku, kama kuoga, kuvaa na kupika, kwa sababu ya uzee, maradhi au ulemavu. Tena ni lazima ithibitike kwamba matunzo hayo hayapatikani nchini kwake, hata kwa fedha za mwanawe. Tafsiri yake ni hii: mzazi mzima hakubaliwi kwa kuwa ni mzima, na mzazi mgonjwa hakubaliwi ikiwa fedha za mtoto zinatosha kumwajiri mtu wa kumwogesha huko huko kijijini. Ni mlango uliochorwa ukutani.

Toronto je? Tangu Desemba 2011 Kanada ina viza ya wazazi na mababu, ambayo humwezesha mzee kukaa na wanawe kwa miaka kadhaa. Ni jambo jema. Lakini viza hiyo ni ya mgeni, si ya mkaazi. Mzee hana haki ya matibabu ya umma. Ni lazima inunuliwe bima binafsi ya kufidia walau dola za Kanada 100,000, na kadiri umri unavyopanda ndivyo bei ya bima nayo inavyopanda. Mtoto anayesukuma magari ya wagonjwa hospitalini usiku na mchana atafanya kazi ya ziada ili mamaye aruhusiwe kuugua.

Na Texas? Mtoto aliyekwisha kuwa raia wa Marekani na kutimiza miaka 21 anaweza kumwombea mzazi ukaazi wa kudumu. Kati ya milango mitatu, huu ndio ulio wazi zaidi, na haki itendeke tuseme hivyo. Lakini mtoto husaini hati ya kumdhamini mzazi kwa fedha zake, na mzee asiyewahi kufanya kazi kule hana budi kukaa miaka mitano kabla ya kuruhusiwa hata kujinunulia bima ya Serikali ya wazee. Miaka mitano, kuanzia 60, ndiyo miaka ambayo shinikizo la damu na kisukari hubisha hodi.

Hivyo basi, mwalimu aliyefundisha miaka 36 ni mzigo, na mtu mwingine ambaye sifa yake pekee ni hati ya benki ni mwekezaji. Sheria hazimpimi mzee. Zinaupima mfuko wake.

HATA MCHAGUAJI HUCHAGULIWA

Huenda msomaji akasema: "Basi dawa ni kuwa na fedha." Atulie kidogo, maana hata huyo mwenye fedha hana amani anayoidhania.

Mwaka 2009 Ureno iliweka utaratibu wa kuwavuta wageni, na wastaafu wengi wa Ulaya ya Kaskazini wakaufuata, kwa kuwa pensheni zao za nje hazikutozwa kodi kwa miaka 10. Nchi zao hazikufurahi kuona watu walioelimishwa na kutibiwa kwa kodi za umma wakihamisha uzee wao mahali pasipo na kodi. Ufini ikauvunja mkataba wake wa kodi na Ureno kuanzia mwaka 2019. Uswidi ikafanya hivyo kuanzia 2022. Ureno yenyewe ikaanza kuwatoza wapya asilimia 10 mwaka 2020, kisha mwaka 2024 ikaufunga utaratibu ule kwa waombaji wapya. Wakati huo vijana wa Lisbon walikuwa wamekwisha kuandamana barabarani kwa sababu kodi za nyumba zilikuwa zimewashinda. Malaysia nayo, iliyokuwa ikiwakaribisha wageni tangu 2002, mwaka 2021 ilipandisha kipato kinachotakiwa kutoka ringgit 10,000 hadi 40,000 kwa mwezi. Mwenyeji aliyekuita kwa fedha anaweza kukuaga kwa fedha.

Tazama pia Waingereza waliohamia pwani ya Hispania. Walikwenda kwa haki ya uraia wa Umoja wa Ulaya, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kura ya Juni 2016 ikaifuta haki hiyo. Waliokwisha kukaa walilindwa kwa mkataba. Lakini tangu Januari 2021 Mwingereza asiye na kibali haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, hata kama nyumba ni yake na funguo anazo mkononi. Na wale waliokuwa nje ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 15 hawakuruhusiwa hata kupiga kura katika jambo lililohusu paa la vichwa vyao.

Liko na jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui. Mwingereza akistaafia Hispania, Marekani, Jamaika au Mauritius, pensheni yake ya Serikali hupandishwa kila mwaka kama ya mwenzake aliyebaki nyumbani. Akistaafia Kanada, Australia, Afrika Kusini, Kenya au Tanzania, pensheni hiyo huganda pale ilipokuwa siku alipoanza kuipokea akiwa huko. Miaka 20 baadaye ni ile ile, huku bei ya unga si ile ile. Walioonewa walifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 wakashindwa. Nchi iliyotawala robo ya dunia imewatendea hivyo wazee wake waliolipa michango ile ile kama wenzao. Je, nani wa kumhakikishia mwalimu wa Singida kwamba atatendewa vizuri zaidi?

NANI ATAKAYEKUOGESHA?

Tunafika sasa kwenye kiini cha shauri lenyewe. Orodha za nchi bora hueleza bei ya mtumishi, lakini hazielezi mtumishi ni nani. Mzee hafi siku anapohama. Huishi, hudhoofu, na mwisho huhitaji mkono wa mtu. Mkono huo ni wa nani?

Huko Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, viko vituo ambamo wazee wa Uswisi na Ujerumani wenye maradhi ya kusahau hulelewa na wasichana wa Kithai. Inasemekana hulelewa kwa upole mkubwa, nami sina sababu ya kulipinga hilo. Lakini mzee yule hakuchagua Thailand. Amechaguliwa na hesabu: matunzo ya kwao ni ghali, ya Asia ni rahisi. Na mama wa msichana yule wa Kithai, analelewa na nani?

Uingereza nayo, ilipoona haina watu wa kuwaogesha wazee wake, mwaka 2022 ilifungua viza kwa walezi kutoka nje. Vijana wa Kiafrika wakaenda kwa maelfu, na huenda miongoni mwao wapo uliowafundisha wewe unayesoma. Machi 2024 ikawakataza walezi wapya kwenda na wenzi wao na watoto wao. Julai 2025 ikaacha kabisa kuajiri wapya kutoka nje. Msomaji na ayaweke mambo haya mawili pamoja. Binti anaruhusiwa kumwogesha mama wa mwingine mjini Leeds. Mama yake mwenyewe haruhusiwi kwenda Leeds kwa kuwa bado anaweza kujiogesha. Na akishindwa, atatafutiwa mtu wa kumwogesha kijijini kwa fedha za binti yule. Hapo mnyonge amenyonywa mara mbili: amenyonywa ujana wake, na amenyang'anywa wajibu wake kwa mzazi.

Wapo watakaosema tunawachukia wageni. Sivyo. Mzee wa Kizungu anayetaka kuota jua la Bahari ya Hindi hana kosa. Wapo watakaosema wageni hao huleta fedha, hujenga, huajiri. Ni kweli, na hatusemi mlango ufungwe. Tunasema mgeni aingie kwa mlango wenye kizingiti. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mgeni upangaji usiozidi miaka 99. Hivyo ni vizingiti vya busara, na dalali anayetafuta njia ya kuviruka kwa jina la mpwa wake au mchumba wa mgeni anauza kitu kisicho chake. Kadhalika mgeni mstaafu anayeajiri mpishi, mlinzi na mlezi awape mkataba, na awachangie katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Haifai mtu amtunze mzee wa wengine miaka 15, kisha yeye mwenyewe azeeke mikono mitupu.

JIBU KWA MWALIMU

Wengine watasema ni rahisi kuyalaumu mataifa. Je, kwetu ni salama? Swali hilo ni la haki, na mwandishi anayelikwepa hastahili kusomwa na walimu.

Mtumishi wa umma wa nchi hii hajasahau shauri la kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa mmoja, na kanuni mpya ikataka mkupuo uwe asilimia 25. Watumishi walilalamika, na Desemba ya mwaka ule ule Rais akaisimamisha kanuni hiyo. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuwapandisha hadi asilimia 40 wale ambao zamani walikuwa wakipata 50. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja: hakuna aliyeandamana Texas kwa ajili ya mkupuo wa mwalimu wangu. Walimu walisema hapa, wakasikiwa hapa. Si kwa yote waliyotaka, lakini wakasikiwa. Mahali ambapo sauti yako inaweza kubadili kanuni, hapo ndipo una nchi. Mahali unapokaa kwa hisani ya viza, una chumba tu.

Basi kazi ya kweli si kuchagua nchi ya kuzeekea. Ni kuifanya nchi tuliyo nayo ifae kuzeekewa. Zanzibar ilionyesha njia Aprili 2016 ilipoanza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alichangia mfuko au alivua pweza maisha yake yote. Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa shilingi zake 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa umri huo wasio na pensheni. Ni fedha kidogo, lakini ni haki na si sadaka. Bara tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, iliyoahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, na kibao cha "Mzee Kwanza" kimetundikwa katika hospitali zetu nyingi. Kibao si dawa. Mzee anayefikishwa kwenye dirisha lake la pekee na kuambiwa akanunue vidonge duka la nje amepewa heshima ya kibao tu. Pensheni kwa kila mzee, na dawa nyuma ya kila dirisha: hayo ndiyo ya kudai. Na pale Serikali zetu zinapotiliana saini mikataba ya kupeleka wauguzi na walezi ng'ambo, kiwepo kifungu kwamba michango ya vijana hao itawafuata watakaporudi.

Nasi watumishi tuna sehemu yetu. Wengi hufika miaka 59 bila kuhakiki michango yao, kisha hulaumu mfuko. Wengi hujenga nyumba ya kuonyesha mjini, na ya kuishi kijijini hawana. Wengi huwasomesha watoto ili waondoke, kisha hushangaa kwamba wameondoka.

Nilirudi kwa mwalimu wangu Jumapili iliyopita. "Shikamoo Mwalimu," nikamwambia, "nimekuletea jibu, ila ni refu."

"Marahaba, mwanangu. Lifupishe."

Nikamwambia: nenda Toronto ukawaone wajukuu, kaa miezi sita, rudi kabla bima haijaisha. Usiuze shamba. Usiandike nyumba kwa jina la mtu mwingine. Mafao yako yaingie katika akaunti yako mwenyewe, hapa hapa. Na waambie wanao watatu kwamba atakayetaka kukutunza, njia ya kuja ni rahisi kuliko njia yako ya kwenda. Yeye hataulizwa dola 24,000 wala hataulizwa kama unaweza kujiogesha.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama kile kifungu cha michango ya vijana kimekwisha kuandikwa popote, maana binti yake wa Leeds anakatwa kila mwezi na hajui atakirudishiwa wapi alichokatwa. Sikuwa na jibu la kumpa. Wenye kuandika mikataba wanalo, nasi tunalisubiri.